Bei za Supamaketi Kenya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanunuzi

Maswali haya ndiyo watu huulizana kwenye foleni ya keshia, kwenye mikutano ya chama cha kuchangiana pesa, na mbele ya kibanda cha mama mboga mwisho wa mwezi unapofika na mshahara umeshagawanywa kabla haujaingia. Majibu yanahusu Kenya. Wanunuzi wana kila sababu ya kukasirika. Lakini kila bidhaa ina njia yake ya kufika rafuni, na anayeijua njia hiyo hujua pia wa kumuuliza.

Serikali inasema mfumko wa bei umeshuka. Mbona mimi sioni?

Kwa sababu mfumko ukishuka, bei hazishuki. Zinaendelea kupanda, ila kwa mwendo wa polepole. Hili ndilo jambo linalowakera watu kuliko yote, na wana haki, kwa maana taarifa husomwa redioni kana kwamba unafuu umefika jikoni.

Tazama hesabu yenyewe. Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, hutoa takwimu za mfumko kila mwisho wa mwezi. Oktoba 2022 mfumko ulikuwa asilimia 9.6. Oktoba 2023 ulikuwa asilimia 6.9, na Oktoba 2024 ukawa asilimia 2.7. Ukichukua kapu la bidhaa lililogharimu shilingi 100 Oktoba 2021, likafuata mwendo huo, miaka mitatu baadaye linagharimu kama shilingi 120. Asilimia 2.7 iliyoshangiliwa iliongezwa juu ya nyongeza mbili zilizotangulia, na hakuna iliyoondolewa.

Tena kapu la KNBS ni la wastani wa nchi nzima. Chakula na vinywaji visivyo na kileo huchukua karibu theluthi moja ya kapu hilo. Kilichobaki ni kodi ya nyumba, usafiri, karo, simu na mengineyo. Familia yenye kipato kidogo hutumia sehemu kubwa zaidi ya pesa zake kwa chakula. Oktoba 2022 bei za chakula zilikuwa zimepanda kwa zaidi ya asilimia 15 kwa mwaka huku mfumko wa jumla ukisomwa chini ya 10. Kwa hiyo mama wa Kayole, Nairobi, anayesema takwimu hazifanani na mfuko wake hajakosea hesabu. Kapu lake si lile linalopimwa.

Kwa nini unga hupanda bei karibu kila katikati ya mwaka?

Mahindi mengi ya Kenya hutoka Bonde la Ufa upande wa kaskazini, Trans Nzoia na Uasin Gishu, na huvunwa kuanzia Oktoba hadi Desemba. Mkulima mwenye karo ya Januari huuza mapema, bei ikiwa chini. Kufikia Mei, Juni na Julai maghala ya wakulima wadogo yamekauka, na mahindi yaliyobaki yako kwa wenye uwezo wa kuhifadhi. Msaga unga hununua kwao kwa bei wanayotaja. Mvua zikikosa, kama ilivyotokea misimu mfululizo kati ya 2020 na 2022, pengo hilo huwa kubwa zaidi, na hapo tunategemea mahindi ya Tanzania, Uganda na kwingineko.

Ndiyo sababu Julai 2022 paketi ya kilo mbili ilipita shilingi 200 katika maduka mengi. Ukame ulikuwa umeuma, mbolea ilikuwa ghali, na vita vya Urusi na Ukraine vilivyoanza Februari mwaka huo vilikuwa vimevuruga soko la nafaka la dunia nzima.

Na sukari na mafuta ya kupikia?

Sukari ya 2023 ni kisa kinachofaa kukumbukwa. Miwa ilikuwa imevunwa ikiwa bado changa, viwanda viking'ang'ania kidogo kilichopo, hadi Julai mwaka huo usagaji wa miwa ukasimamishwa kwa miezi kadhaa ili mashamba yapate kukomaa. Rafu zikabaki tupu, na paketi zilizopatikana zikauzwa kwa bei ambayo watu wengi hawakuwa wameiona maishani. Chanzo kilianzia shambani miaka kabla ya bei kubadilika dukani.

Mafuta ni hadithi ya mbali. Mafuta mengi tunayopikia hutokana na mawese yanayoagizwa Malaysia na Indonesia. Indonesia ilipopiga marufuku kuuza mawese nje mwishoni mwa Aprili 2022, kwa muda wa kama wiki tatu, bei ambayo tayari ilikuwa juu ilizidi kusukumwa. Kwa kuwa mawese hulipiwa kwa dola, kila shilingi ilipodhoofika mafuta yalipanda hata pale bei ya dunia ilipotulia.

Dola ilishuka kutoka shilingi 160 hadi karibu 130 mwaka 2024. Bei za bidhaa za nje zilifuata?

Baadhi zilifuata, kidogo na kwa kuchelewa. Hapa malalamiko ya wanunuzi yana uzito wote. Dola ilipokuwa inapanda mwaka 2023, lebo mpya zilibandikwa haraka. Iliposhuka kati ya Februari na Aprili 2024, tuliambiwa bidhaa zilizopo zilinunuliwa kwa dola ghali na lazima ziishe kwanza. Maelezo hayo ni ya kweli kwa mwezi mmoja, miwili, labda mitatu kwa bidhaa zinazokaa ghalani. Baada ya hapo hayatoshi tena. Mwagizaji na mwenye kiwanda wakiona mteja ameshazoea bei mpya, hakuna kinachowasukuma kuishusha isipokuwa mshindani anayeuza chini yao, na katika bidhaa nyingi washindani wenyewe ni wachache.

Mafuta ya gari nayo yana mkono wake. EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na mafuta, hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi. Julai 2023 VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya mafuta ilitoka asilimia 8 hadi 16 chini ya Sheria ya Fedha ya mwaka huo, na katika mzunguko wa Oktoba lita ya petroli jijini Nairobi ikafika shilingi 217.36. Lori linalotoa viazi Nyandarua hutumia dizeli, na dizeli nayo ilikuwa imepita 200. Bei za pampu zilishuka baadaye. Nauli ya mzigo haikushuka kwa kasi ile ile, na mnunuzi ndiye aliyebeba tofauti.

Je, supamaketi ndizo zinazotunyonya?

Jibu la haki ni kwamba katika unga, sukari na mkate, supamaketi hubaki na kiasi kidogo. Bidhaa hizo ni chambo. Hutangazwa kwenye bango ili uingie, kisha faida inatafutwa kwenye sabuni, vipodozi, vyombo na vitafunio. Biashara yenyewe si rahisi: Nakumatt, Uchumi na Tuskys, majina yaliyokuwa kila mji, yaliporomoka yakiacha madeni ya mabilioni kwa wasambazaji. Shoprite na Choppies zilifunga maduka na kuondoka nchini.

Lakini madeni hayo ya wasambazaji yana somo la pili. Kwa miaka mingi supamaketi ziliendesha shughuli kwa kuchelewesha malipo na kudai punguzo, ada za kuingiza bidhaa rafuni na michango mingine. Msambazaji anayejua atalipwa baada ya miezi mingi, tena akiwa amekatwa, hupandisha bei yake mapema ili ajikinge. Wewe hukuona ada hiyo, lakini umeilipa. Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani, CAK, ilitangaza faini ya takriban shilingi bilioni 1.1 dhidi ya kampuni inayoendesha maduka ya Carrefour nchini, Majid Al Futtaim, kwa kutumia vibaya nguvu yake ya ununuzi dhidi ya wasambazaji. Kampuni iliupinga uamuzi huo. Hata hivyo kesi hiyo inafaa kujulikana na kila mnunuzi, kwa sababu inagusa sehemu ya bei ambayo haiandikwi kwenye risiti.

Ni bidhaa zipi nalipia VAT?

Mkate wa kawaida na unga wa mahindi havitozwi VAT. Mafuta ya kupikia, sukari, sabuni na tishu hutozwa asilimia 16. Angalia sehemu ya chini ya risiti yako: kiasi cha VAT kimetengwa peke yake. Watu wengi hushtuka wakikiona, na ni vizuri washtuke, kwa maana huo ndio ushuru ambao bunge linaweza kubadilisha kila mwaka wakati wa Mswada wa Fedha.

Mwaka 2024 mswada ulipendekeza mkate utozwe asilimia 16, na mafuta ya mboga yatozwe ushuru wa bidhaa wa asilimia 25. Pendekezo la mkate liliondolewa kabla ya kura kufuatia kelele za wananchi, na mswada mzima ukakataliwa na Rais Ruto tarehe 26 Juni, siku moja baada ya vijana kuandamana hadi bungeni na wengine kupoteza maisha yao. Bei ya mkate ilifikishwa barabarani kwa gharama ya damu. Anayedhani malalamiko ya wanunuzi ni kelele tu na aukumbuke mwezi huo.

Paketi imepungua lakini bei ni ile ile. Hiyo ni halali?

Ni halali ikiwa uzito ulioandikwa ndio uzito uliomo ndani. Si halali ikiwa paketi inasema gramu 500 na mizani inasema 460.

Hila yenyewe iko kwenye macho. Sabuni ya kipande huchimbwa bonde katikati, chupa huwekewa kitako kilichoingia ndani, biskuti hupunguzwa mbili huku karatasi ikibaki na ukubwa ule ule. Dawa yake ni kuacha kusoma bei na kuanza kusoma bei kwa kilo. Chukua bei, gawanya kwa uzito. Simu uliyonayo mkononi ina kikokotoo. Ukifanya hivyo kwenye rafu ya sabuni ya unga utagundua kwamba paketi kubwa si nafuu kila mara, na kwamba lile bango jekundu la ofa wakati mwingine limebandikwa kwenye ukubwa ulio ghali zaidi kwa gramu.

Baadhi ya supamaketi huandika bei kwa kilo kwa herufi ndogo kwenye kona ya lebo. Ningependa sheria izilazimishe zote, na kwa herufi zinazosomeka na mtu wa miaka sabini.

Lebo ya rafuni inasema bei moja, mashine ya keshia inasema nyingine. Nifanyeje?

Usilipe kwanza. Mwambie keshia bei uliyoiona na uombe ikaguliwe.

Jioni moja ya mwisho wa mwezi nilikuwa nyuma ya mama mmoja katika supamaketi ya mtaani hapa Nairobi. Mchele wa kilo mbili ulikuwa umeandikwa 385 rafuni. Mashine ikasoma 429. Alikuwa na pesa ya hesabu kamili, noti zimekunjwa ndani ya leso. Alipoona jumla, hakubisha. Akasema, "Basi toa majani chai." Keshia akamwita msimamizi mwenye ufunguo wa kufuta bidhaa, foleni ikaanza kuguna, na yule mama akainamisha uso kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa. Kijana aliyekuwa nyuma yetu akamuuliza, "Mama, mchele ulikuwa ngapi kule?" Akaenda mwenyewe hadi rafuni, akapiga picha ya lebo, akarudi nayo. Msimamizi aliitazama, akabadilisha bei pale pale, na majani chai yakarudi kwenye mfuko.

Shilingi 44. Kwa duka hilo ni kitu kidogo, lakini ikijirudia kwa kila mteja aliyechukua mchele ule siku ile, ni pesa nyingi zilizotoka kwa watu wasiokuwa nazo. Mara nyingi chanzo ni kwamba bei imebadilishwa kwenye kompyuta asubuhi na hakuna aliyetumwa kubadilisha lebo. Hilo ni jukumu la duka, si lako.

Kisheria, duka linaweza kusema lebo ilikosewa na likakataa kukuuzia. Lisichoruhusiwa ni kukupotosha kuhusu bei kisha likapokea pesa zaidi. Sheria ya Ushindani ya 2010 na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 zote zinakataza kutoa taarifa za uongo au za kupotosha kuhusu bei. Nyuma yake iko Katiba, Kifungu cha 46, kinachompa mtumiaji haki ya bidhaa za ubora unaofaa, haki ya taarifa, na haki ya kufidiwa anapoumia.

Kwa hiyo piga picha ya lebo unapochukua kitu cha bei kubwa, na kagua risiti kabla ya kutoka mlangoni.

Serikali haiwezi kuweka bei ya lazima?

Inaweza. Sheria ya Udhibiti wa Bei za Bidhaa Muhimu ya 2011 inampa waziri uwezo wa kutangaza bidhaa kuwa muhimu na kuweka bei ya juu kabisa. Ilipitishwa mwaka ambao wananchi walikuwa barabarani wakidai unga.

Kinachotokea unapojaribu ndicho kigumu. Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, serikali ya Rais Kenyatta ilitangaza ruzuku iliyoshusha unga wa kilo mbili hadi shilingi 100. Tuliufurahia. Kisha tukautafuta. Maduka mengi hayakuwa nao, mengine yaliweka kikomo cha paketi kwa kila mteja, na wasaga unga walilalamika kuhusu kucheleweshewa malipo. Septemba Rais Ruto, aliyemrithi, alisema ruzuku hiyo haitaendelea, pesa ziende kwenye mbolea. Kwa maoni yangu mbolea ilikuwa na mantiki zaidi, lakini mahindi ya mbolea huchukua msimu mzima kuiva, na mtoto hula leo. Kati ya maamuzi hayo mawili kulikuwa na pengo la miezi ambalo hakuna aliyelijaza.

Je, ni nafuu kununua kadogo kadogo kwenye duka la mtaa?

Kwa mfuko wa leo, ndiyo. Kwa mfuko wa mwezi, hapana. Tuseme lita ya mafuta ni shilingi 320, na kipimo cha shilingi 20 kinakupa mililita 50. Vipimo ishirini hufanya lita moja, na umeilipia shilingi 400. Anayelipwa kwa siku hana njia nyingine, ndiyo maana maskini hulipa zaidi kwa kila kijiko.

Chama kinaweza kuvunja mtego huo. Akina mama kumi wakichanga na kununua dumu la lita ishirini pamoja na gunia la mchele, kisha wakagawana kwa mizani, wanapata bei ya jumla bila mmoja wao kuhitaji pesa nyingi kwa mkupuo. Sharti ni mizani. Bila mizani chama huvunjika.

Kwa unga, kununua mahindi kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia, na kuyapeleka kwenye kinu cha posho mara nyingi hugharimu chini ya paketi, na unabaki na pumba na kiini ambavyo kiwanda huviondoa. Ila kagua mahindi. Yenye rangi ya kijani, weusi au harufu ya uvundo usiyanunue hata yakiwa nusu bei. Sumu ya kuvu iliua watu 125 Ukambani na maeneo jirani mwaka 2004, na haiondoki kwa kupikwa. Hata paketi si kinga kamili: Novemba 2019 KEBS, shirika la viwango vya ubora, ilisimamisha chapa tano za unga kwa sababu ya sumu hiyo hiyo.

Pointi za kadi ya mteja wa supamaketi zina maana?

Kidogo. Chukua kadi ikiwa ungenunua pale hata bila kadi.

Chapa ya supamaketi yenyewe ni duni?

Si lazima. Nyingi hutengenezwa na viwanda vile vile. Linganisha uzito, viungo na alama ya KEBS. Namba ya kibali iliyo chini ya alama hiyo inaweza kuhakikiwa kwa ujumbe mfupi kwenda 20023.

Nalalamika wapi?

Anza na meneja wa tawi, ukiwa na risiti. Andika, usiseme tu, hata kama ni ujumbe kwenye simu, ili kuwe na tarehe. Usipotosheka, chagua mlango kulingana na kosa.

Bei ya kupotosha, au kupandisha bei kwa kutumia dhiki ya watu, ni kazi ya Mamlaka ya Ushindani. Nayo imewahi kuuma: Machi 2020, korona ilipoingia, iliiagiza supamaketi ya Cleanshelf iwarudishie wateja pesa walizolipishwa zaidi kwa vitakasa mikono. Uzito pungufu na mizani mbovu ni kazi ya maofisa wa vipimo na mizani, ambao katika kaunti nyingi wako chini ya idara ya biashara. Bidhaa iliyoharibika au yenye alama bandia ni ya KEBS. Usipeleke lalamiko la mizani KEBS kisha ukaketi ukingoja. Litazunguka na wewe utachoka.

Ukiweza, pelekeni lalamiko kama kundi. Risiti kumi za wiki moja kutoka tawi moja zina nguvu kuliko barua kumi zenye hasira bila risiti.

Wakinipuuza wote?

Mahakama ya Madai Madogo hupokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60. Huhitaji wakili, utajieleza mwenyewe. Kwa tofauti ya shilingi 44 huenda hutapata nafasi ya kwenda. Kwa friji ya ofa iliyokataliwa kurudishwa, au kwa chama kilichouziwa magunia pungufu, nenda, ukiwa na risiti, picha ya lebo, na ule ujumbe wenye tarehe uliomtumia meneja.